Besi moja kwa kazi zote: Mwenye jembe moja hana budi achague

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sikatai, kwani wahenga hawasemi ovyo. Lakini msemo huo wanastahili kuambiwa wale waliowekewa majembe kumi mbele yao, wakawa wanapoteza asubuhi nzima kwa kupimapima mipini na ilhali wenzao wanalima. Yule mwenye pesa za jembe moja tu, na shamba lake lina mchanga upande mmoja na mfinyanzi upande wa pili, huyo hana budi achague, tena achague kwa makini. Na wapigaji wengi wa gitaa la besi hapa kwetu Mombasa wamo katika hali hiyo.

Mtazame mpigaji besi wetu kwa siku tatu tu. Ijumaa usiku yuko harusini, anapiga taarab na chakacha mpaka alfajiri inakaribia. Jumamosi yuko hoteli ya ufuoni, ambako mgeni ataka asikie "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, na baada yake rumba, na baada yake rege. Jumapili, akiwa ni mtu wa kanisani, yuko na kwaya. Na akiwa si wa kanisani, ameitwa kushika nafasi ya mwenziwe katika bendi ya benga huko Changamwe. Kazi ni nne, ladha ni nne, na begani ana gitaa moja. Mwimbaji akitaka hubadilisha koo lake. Mpigaji besi hana koo ila lile alilolinunua.

Kuna na la zaidi. Siku hizi vikundi vingi vya taarab vimekitegemea kinanda cha umeme. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ndio unaopiga besi, na ngoma zimo ndani ya mashine. Mwenye harusi hulipa watu watatu badala ya saba, naye huona amepata nafuu. Kwa hivyo mpigaji besi ambaye sauti ya gitaa lake haikai vizuri na wenzake haambiwi abadilishe gitaa. Haitwi tena, basi. Ndiyo maana nimeona leo tulizungumze jambo hili la kupata besi moja itakayofaa kazi nyingi, kwani si mchezo wa vijana bali ni riziki ya watu.

Mimi ni mtunzi wa nyimbo kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti, na ujanani nilishika besi misimu minne ya harusi kabla sijaona kwamba kalamu ni nyepesi zaidi kuibeba. Tangu hapo nimekaa nyuma ya majukwaa mengi, nikisikiliza maneno yangu yakiimbwa, na nimejua mapema kwamba wimbo wangu utapendeza au utaharibika kwa mtu yule aliyesimama karibu na ngoma, ambaye hakuna anayemtazama.

BESI NDIYO MIZANI

Msomaji wa shairi husifu maneno na vina, lakini kinachomzuia asijikwae ni mizani. Katika muziki besi ndiyo mizani. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na ule mwembamba kama mara 98. Hizo ni sauti za chini sana, na aghalabu mtu huzipata kifuani kabla hajazitambua sikioni. Waulize watu wa makamo wakuimbie "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Wengi wataanza kwa kuiga besi yake kwa mdomo, kisha ndipo wayakumbuke maneno.

Basi kijana anapouliza "besi ipi ina sauti nyingi?" huwa ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni hili: je, sauti yake ya chini ni safi, imara, na inasikika bila ya kumfunika mwimbaji? Kama hilo halipo, vifungo saba vya kuzungusha havitamfaa kitu.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alinijia na akiba yake mfukoni na picha ya gitaa mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pesa zote hizi wazipeleka wapi?"

"Ni za harusi za misimu miwili, mjomba. Nusu yake nalikuwa naziweka za mahari. Lakini nikipata gitaa hili zitarudi upesi."

Gitaa lenyewe lilikuwa la nyuzi sita, limejaa vifungo kama redio ya merikebu. "Hili lina kila sauti, mjomba," akaniambia. Nikamuuliza, "Na vidole vyako vina kila urefu?" Akacheka, lakini hakunijibu. Nikamwambia aziweke pesa kwanza, tufanye ziara ya masikio.

ILIKOTOKA

Ili kuelewa kwa nini besi hazifanani, yafaa tujue zilikotoka. Zamani kazi hii ilikuwa ya dabalbesi, lile fidla kubwa la kusimama. Vikundi vikubwa vya taarab vya Unguja, kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, vilijengeka kwa mfano wa okestra za Misri, na dabalbesi ikapata mahali pake humo. Ni chombo chenye sauti tamu, lakini ni kikubwa kama mlango, hakisikiki penye kelele, na shingo yake haina alama ya kumwonyesha mtu mahali pa kuweka kidole.

Katika miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender wa Fullerton, California, iliyotoka mwaka 1951. Bwana huyu alikuwa fundi wa redio, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alipandikiza vijiti vya chuma shingoni ili kila sauti ipatikane mahali pake halisi, na kwa sababu hiyo akaiita Precision, yaani ya usahihi. Urefu wa uzi wake kutoka kichwani hadi darajani ulikuwa inchi 34, sawasawa na sentimita 86 hivi, na mpaka leo besi nyingi zinafuata kipimo hicho.

SAUTI TATU ZA MSINGI

Chini ya nyuzi za besi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Wapigaji huziita pikapu, na mimi nitaziita vinasa. Kinasa ndicho kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme, na mahali kilipowekwa ndipo panapoamua sauti itakuwa ya namna gani. Kikiwa karibu na shingo sauti huwa nene, na kikiwa karibu na daraja huwa kavu na yenye makali.

Tangu mwaka 1957 Precision imekuwa na kinasa kimoja kilichokatwa vipande viwili, kimekaa katikati. Sauti yake ni nzito na ya moja kwa moja, kama mtu asemaye neno moja akanyamaza. Hii yafaa sana taarab na rege. Mwaka 1960 ikatoka Jazz, yenye vinasa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hii husema kwa ufasaha zaidi, na noti zake hazigandamani hata zikienda mbio. Kwa hivyo rumba na benga huipenda. Kisha mwaka 1976 ikaja StingRay ya kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alihusika nayo baada ya kuiuza kampuni yake ya kwanza mwaka 1965. Hiyo ina kinasa kikubwa karibu na daraja na mtambo mdogo wa kuzidisha sauti, unaotumia betri ya volti 9. Sauti yake hung'aa na kugonga, na wapigao kwa kuchapa uzi kwa kidole gumba huitukuza.

Basi fundi gani aliyesema ni lazima uchague moja? Zipo besi nyingi leo, nyingine za bei ya mtu wa kawaida zinazotengenezwa Indonesia na China, ambazo zimebeba kinasa cha Precision mbele na cha Jazz nyuma. Ukikifungua cha mbele peke yake una sauti ya harusi, na ukiongeza cha nyuma kidogo una sauti ya hoteli. Vifungo ni vitatu au vinne tu, na mtu huvijua gizani. Kwa maoni yangu, kwa mpigaji wa kazi nne niliyemtaja hapo juu, huo ndio mpango wa kuanzia.

Lipo na jambo la umeme. Kinasa chenye mzunguko mmoja wa waya hunguruma kikikaribiana na taa za mirija na nyaya mbovu, na kumbi zetu za harusi hazikosi vitu hivyo viwili. Kile cha Precision hakingurumi kwa sababu vipande vyake viwili vimezungushiwa waya kinyume, kila kimoja kikifuta ngurumo ya mwenziwe. Vinasa vya Jazz vya kawaida hufutana namna hiyo vikifunguliwa vyote kwa kiasi sawa, na ukikipunguza kimoja ngurumo hurudi. Mtu anayepiga mbele ya amplifaya kubwa, huku sheikh anasoma khutba ya nikahi, ataelewa kwa nini nalitaja jambo hili.

MKONO NDIO HAKIMU

Sasa twende kwenye lile ambalo watu hulisahau. Besi inayofaa kazi zote lakini haiufai mkono wako haifai kazi hata moja. Upana wa shingo pale kichwani, katika besi nyingi za aina ya Jazz, ni milimita 38 tu. Precision za mwanzo zilifika karibu 44, na nyingi za baadaye zimekaa kwenye 41 au 42. Huenda ukasema milimita tatu ni kitu gani? Jibu utalipata saa nane za usiku, wimbo wa kumi na sita, wakati kidole kidogo kimekataa amri.

Mtoto wa dada yangu ana vidole vifupi vya mama yake. Tulipokwenda kwa rafiki mwenye besi ya nyuzi sita nikamwambia apige nusu saa bila ya kupumzika. Dakika ya kumi na tano alikuwa tayari anaukung'uta mkono. Nikampa besi ya shingo nyembamba, nyuzi nne, akaenda saa nzima, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba aliacha kuutazama mkono wake akaanza kumtazama mpiga dumbak. Hapo ndipo upigaji huanza.

Wenye mikono midogo wasione haya kutafuta besi fupi. Paul McCartney wa Beatles aliinunua besi yake ya Höfner huko Hamburg mwaka 1961. Umbo lake ni la fidla, limelingana pande zote mbili, na hilo lilimfaa yeye atumiaye mkono wa kushoto, kwa kuwa hata ikigeuzwa haikuonekana ya kinyume. Urefu wa nyuzi zake ni inchi 30 tu. Haikuwa ghali, na nyimbo zilizopigwa kwayo zilienea duniani kote. Aliangalia kile kilichomkaa.

Uzito nao ni hesabu. Besi nyingi zina kilo nne au zaidi kidogo. Ivae kwa mkanda, usimame, kisha uiachie mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikizama kuelekea chini, jua kwamba mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba mzigo usiku kucha badala ya kupiga. Usinunue besi uliyoipiga umekaa kwenye kiti cha dukani tu, kwani harusini hupewi kiti.

NYUZI NNE AU TANO?

Besi ya nyuzi tano huongeza uzi mnene zaidi, unaotikisika kama mara 31 kwa sekunde. Una faida. Mwimbaji akitaka wimbo ushushwe, mpigaji hupata sauti za chini bila ya kuhangaika. Lakini shingo hupanuka, na amplifaya ndogo hazina uwezo wa kuitoa sauti hiyo, zikabaki kutikisa mbao tu. Kama kikundi chako kina spika ndogo, huo uzi wa tano utaulipia usiusikie.

Wengine huniuliza kuhusu besi isiyo na vijiti, ile aliyoipatia sifa Jaco Pastorius wa Marekani katika miaka ya 1970. Kwa mpenzi wa taarab kishawishi ni kikubwa, kwani maqamu za Kiarabu zina sauti ambazo vijiti haviwezi kuzipata. Sauti ya tatu ya Rast, kwa mfano, imekaa kati ya vijiti viwili. Udi na fidla huigusa bila ya taabu. Lakini mpigaji hodari wa besi yenye vijiti huijua dawa yake. Huwaachia udi na fidla sauti hiyo, yeye akakaa kwenye ya kwanza na ya tano, na nyumba ikasimama. Sikiliza kanda za taarab ya Mombasa za miaka ya 1980 na utasikia namna besi inavyonyamaza mahali panapostahili. Besi isiyo na vijiti ni chombo kizuri cha pili. Kwa mwenye moja tu, hoteli itamtia aibu siku atakayopiga rumba ya mbio bila ya kusikia vizuri.

USINUNUE GITAA, NUNUA NYUZI

Yupo mtu wa kumfikiria kila tunapotamani vifungo vingi. James Jamerson wa Detroit, aliyefariki mwaka 1983, ndiye aliyepiga besi katika nyimbo nyingi sana za Motown. Alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi zake bapa zisizokwaruza, na mkono wa kulia akitumia kidole kimoja tu cha shahada. Kwa chombo hicho kimoja alipiga nyimbo za mapenzi za taratibu na nyimbo za kurukaruka, wala hapana aliyelalamika kwamba zinafanana.

Siri ni mbili. Ya kwanza ni nyuzi. Nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo hung'aa na hukwaruza vidole. Nyuzi bapa hutoa sauti ya mviringo na ya kukatika mapema, karibu na dabalbesi, nazo taarab huzipokea kama mgeni anayejulikana. Kubadilisha nyuzi ni rahisi mno kuliko kubadilisha gitaa, na besi ya kawaida huwa besi nyingine kabisa.

Ya pili haiuzwi. Chuoni, tulipokuwa tukifundishwa kusoma, mwalimu alitupigia sana habari ya makharij, kwamba kila herufi ina mahali pake inapotokea, nyingine kooni, nyingine ulimini, nyingine midomoni. Koo ni lile lile na herufi ni ishirini na nane. Uzi wa besi nao una makharij yake. Ukiukwanyua karibu na shingo hutoa sauti ya koo, na karibu na daraja hutoa sauti ya meno. Ukiulalia kidogo kwa kiganja huwa kama ngoma. Anayejua mahali hapa hana haja ya kifungo cha saba.

KABLA YA KUTOA PESA

Unapokwenda kununua, hasa chombo kilichotumika, ipige kwanza bila ya umeme. Besi nzuri huisikia mbao ikitetemeka ubavuni mwako. Pita kila kijiti, uzi baada ya uzi, usikie kama upo unaokwama au unaozizima. Itazame shingo kwa urefu, kama seremala atazamavyo ubao. Kujipinda kidogo hurekebishwa kwa kile chuma kilichofichwa ndani yake, lakini shingo iliyosokoteka kama kamba iache ilipo. Piga uzi mtupu, kisha upige kijiti cha 12. Sauti ziwe ni moja, moja ya chini na moja ya juu. Zungusha vifungo na usikilize kama vinakwaruza. Kama ina betri, uliza itoapo, na ujue kwamba betri ikifa katikati ya wimbo, nyingi za namna hiyo hunyamaza nazo.

Na jina lililoandikwa kichwani usilisujudie. Namjua mtu aliyelipa pesa za jina kubwa akapata jina peke yake, kwani gitaa lenyewe lilikuwa la kuigiza. Jina halina sauti.

Mtoto wa dada yangu alinunua besi iliyotumika, nyuzi nne, shingo nyembamba, kinasa cha Precision na cha Jazz. Ilimtoka chini ya nusu ya akiba yake. Tukaitia nyuzi bapa na fundi akaishusha kidogo pale darajani. Pesa za mahari zikarudi sandukuni. Baada ya harusi ya tatu, kiongozi wa kikundi chake, mzee asiyejua kusifu, alimwambia mpiga kinanda, "Wewe, mkono wako wa kushoto upumzishe."

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama una mwana au nduguyo anayeitafuta besi, mwambie aanze na orodha ya kazi zake, halafu aupime mkono wake, halafu ndipo ahesabu pesa zake. Akishaipata, aishike mwaka mzima bila ya kutazama madirisha ya maduka, kwani chombo nacho humzoea mtu polepole.